Nilisafisha Tovuti ya Mkwe, Ikachafuka Tena

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita: mimi ni Nestory, fundi wa tovuti hapa Sumbawanga, na posa yangu imekwama ndani ya kompyuta.

Sitanii. Nilipojitokeza kule Mpui kwamba namtaka Minza, baba yake, Mzee Masalu, hakuniuliza kabila wala dini. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia tovuti ya mtu ikivamiwa na virusi, mimi ndiye ninayevitoa.

Mzee akapiga makofi. Kumbe mwenzangu alikuwa na jipu lake. Ana tovuti ya kuuzia mchele wa bondeni na ng'ombe wa kunenepesha, na tovuti hiyo ilikuwa imebandikwa onyo jekundu. Mteja akiifungua, kabla hajaona hata punje moja, skrini nzima inakuwa nyekundu na maandishi yanamwambia kwamba mahali hapa ni pa hatari, arudi alikotoka.

"Wananiita mwizi kwenye mlango wangu mwenyewe," akasema mzee. "Siku onyo hilo litakapotoka, lete wazee wako tuzungumze. Lisipotoka, nitajuaje kama unaweza kulinda mji?"

Nikaisafisha. Onyo likatoka. Mama yangu akapiga vigelegele, baba mdogo Felisian akaazima koti. Wasomaji wangu, wiki iliyopita niliwaacha pale simu yangu ilipoita.

"Shikamoo baba," nikapokea.

"Marahaba. Limerudi."

Hayo tu, akakata.

Nilitamani kuitupa ile simu. Nilikuwa nimepekua tovuti ile faili kwa faili, nimetoa kila uchafu, nimeziba kila tundu, nimeomba ukaguzi, nimekaguliwa, nimepita. Halafu limerudi! Nikafunga kibanda changu, nikapanda gari la Mpui huku nikisonya njia nzima, hadi mama aliyekaa jirani akaniuliza kama nina jino bovu.

Nilimkuta mzee uani, simu mkononi.

"Hebu ona," akasema. "Kwangu inafunguka vizuri. Ng'ombe hawa hapa. Mchele huu hapa. Lakini mteja wangu wa Kasanga, yule anayevusha mzigo kwenda Kongo, ananipigia ananiambia nimekuwa tapeli. Huyo mtu ana kijicho."

"Hana kijicho, baba. Simu yako ni ya zamani, haina mlinzi wa kuipigia kelele. Na virusi hivi vina akili. Mwenye tovuti akija vinajificha. Mgeni akija vinamshika mkono vinampeleka kwenye kamari."

"Kamari?"

"Ndiyo baba."

"Kwa jina langu?"

Mzee Masalu ni mtu ambaye hajawahi kucheza hata bao kwa dau. Alikaa chini taratibu, na mimi nikaona aibu kana kwamba kamari ile nimeileta mimi.

Nikafungua kompyuta nikaanza upya. Uchafu ulikuwa ule ule, mahali pale pale. Maana yake haukupenya kwa tundu. Uliingizwa kwa mlango, na mtu mwenye ufunguo.

"Baba, nani wengine wana neno la siri la kuingilia humu?"

Uso wa mzee ukachangamka. Ndipo nilipojua nimekwisha.

"Wengi," akasema kwa fahari. "Mdogo wangu Debora, yuko Wampembe, anao. Enock mwanangu, yuko Kasanga, anao. Mpwa wangu Edwin anao. Yule jirani tuliyehama naye kutoka kwetu anao. Minza ndiye anayeweka picha, naye anao."

"Wote hao wa nini, baba?"

Akanitazama kama anayemsikitikia mtoto.

"Nestory, wewe ni Mfipa, ng'ombe huwajui. Sisi ng'ombe hatuwalazi zizi moja. Unawagawa kwa ndugu wakuchungie, huyu hawa, yule wale. Ugonjwa ukiingia huku, kule wanabaki. Mwizi akija huku, kule wanabaki. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya na hilo neno lako la siri. Kila mmoja nimempa lake, mmoja akisahau, mwingine analo."

Jamani! Niliuma ulimi. Kwa ng'ombe, mzee yule ni profesa. Kwa tovuti, alikuwa ameacha nyumba bila ukuta.

"Baba, huku ni kinyume. Kila uliyempa ni mlango mwingine. Wote wawe waaminifu, lakini mmoja tu akibonyeza kitu kibaya, tumekwisha. Inabidi tuyakusanye hayo maneno ya siri."

"Tuyakusanye?"

"Wayarudishe."

Mzee akasimama. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza.

"Unajua maana ya kwenda kwa ndugu yako na kumwambia nirudishie? Ng'ombe ukimchukua ghafla kwa mtu, umemtangaza mwizi. Watoto wake hawatakuamkia tena. Wewe unataka nioze binti au nivunje ukoo?"

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Nikamweleza, akakataa. Nikamwonyesha, akageuza uso. Mwishoni nikasema kama hataki, basi na mimi nakusanya vifaa vyangu, onyo libaki, na posa nayo ibaki.

Hilo likamgusa. Mchele ulikuwa umejaa ghala, hautoki.

"Nitawaita wote," akasema. "Nitachinja. Hawatarudisha kwa simu kama wadaiwa. Watarudisha wakiwa wamekula."

Wasomaji wangu, katika kazi hii nimebadilisha maneno ya siri ya maduka, ya nyumba za wageni, hata ya kwaya. Sijawahi kubadilisha neno la siri kwa kuchinjiwa mbuzi. Walikuja wote isipokuwa Enock, ambaye alituma ujumbe kwamba boti lenye mzigo wake halijafika Kasanga.

Shangazi Debora ndiye aliyeanza kunitia kashkash. Alisafiri kutoka Wampembe na hasira yake kamili.

"Kaka, mimi nimekuchungia ng'ombe tangu tunahamia huku, hajapotea hata ndama," akasema, machozi yanamlengalenga. "Leo unaninyang'anya neno?"

"Sinyang'anyi, mdogo wangu. Fundi anasema."

Akanigeukia mimi. "Wewe fundi! Nyie watu wa Sumbawanga tulisikia mnaroga watu na mashamba. Sasa mmehamia kwenye kompyuta?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ningefanyaje? Lakini ndani nilikuwa nachemka.

Mmoja mmoja wakarudisha. Hakuna aliyenitajia neno lake mbele ya watu. Kila mmoja alikuja, akaniinamia sikioni, akalinong'ona, nami nikalifuta. Ingetosha kabisa nifute bila kuambiwa, ningeweza kufanya hivyo nikiwa Sumbawanga nimelala chali. Lakini mzee alitaka warudishe kwa midomo yao, na alikuwa sahihi kwa upande wake, kwa sababu kila aliyenong'ona aliinuka akiwa amepungua hasira.

La Enock nililifuta asiwepo. Sikumwambia mtu, niliona ni jambo dogo. Funguo zikabaki mbili tu, wa mzee na wa Minza.

Minza alikuwa anagawa maji ya kunawa. Alipofika kwangu nikamkonyeza, kwamba mambo yanakwenda vizuri. Alinimiminia maji hadi yakamwagikia viatu vyangu, akaenda zake. Nikaona ni haya za msichana.

Nikasafisha tena. Nikaomba ukaguzi tena. Wale wakaguzi wa mtandaoni safari hii hawakuwa na haraka. Kwao tulikuwa tumeshakuwa wakorofi, tunasafisha na kuchafua. Nikangoja. Kisha siku moja mchana nikafungua kwenye simu ya jirani, na ng'ombe wakatokea bila wekundu wowote.

Nikampigia mzee.

"Limetoka, baba."

"Limetoka kweli?"

"Muulize mteja wako wa Kasanga."

Akamuuliza. Akanipigia mwenyewe baadaye, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kicheko. "Jumapili, baada ya ibada. Lete wazee."

Jumapili tukatoka Sumbawanga na baridi yetu, baba mdogo Felisian ndani ya koti la kuazima, mama na vitenge vyake, na mimi nyuma. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mshenga. Njiani alinipa onyo ambalo naomba mlishike.

"Wewe huna mdomo leo. Wenzio hawaendi kabisa kwenye posa yao. Unakwenda kwa sababu mzee amesema fundi lazima awepo. Utakaa, utatazama chini. Nitakusemea mimi. Ukitoa sauti umenivua nguo na umemtukana mwenye mji."

"Nimeelewa, baba mdogo."

Tukapokewa vizuri mno. Enock naye alikuwepo, amefika asubuhi kutoka Kasanga, kijana mpana mwenye mikono ya kubeba magunia. Shangazi Debora alinisalimia bila kunitaja uchawi. Nikasema moyoni, Nestory, leo umetoka.

Baba mdogo akakohoa, akarekebisha koti. "Mzee mwenzangu, sisi tumeona ua zuri katika mji huu..."

Simu ya Mzee Masalu ikaita.

Akaitazama, akataka kuizima, kisha akaona ni mteja wa Kasanga. Akapokea. Akasikiliza. Akairudisha mfukoni.

"Limerudi," akasema.

Nikachukua simu ya shangazi, nikafungua. Nyekundu, kama sufuria iliyoachwa motoni. Nikajaribu kuomba ukaguzi pale pale, na wakaguzi wakanijibu kwamba tovuti hii imekosea mara nyingi, hatutapokea ombi lenu mpaka mwezi upite.

Mwezi mzima! Nilikuwa karibu kulia mbele ya wakwe.

"Ni nani?" akauliza mzee. Macho yake yakazunguka baraza lote, yakatua kwa mwanawe. "Enock. Wote walirudisha. Wewe peke yako hukuja."

"Baba, boti lilichelewa."

"Boti."

"Baba, mimi hata huko ndani sijaingia tangu mwaka jana!"

"Ng'ombe wangu ulio nao, Jumatatu utawarudisha. Wote."

Kelele zikaanza. Mama yao akashika kichwa. Baba mdogo akaniangalia akitaka nimweleze kuna nini, nami nikanong'ona kwamba nakwenda kutazama kompyuta. Kwa kweli sikuhitaji kutazama kitu. Ufunguo wa Enock nilikuwa nimeshaufuta. Mzee mwenyewe akitaka kuandika jina lake kwenye simu humwita mtu. Hesabu hiyo haihitaji fundi.

Nikamkuta Minza ghalani, amekaa juu ya gunia la mchele, kompyuta ya nyumbani imefungwa mapajani.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kumshawishi.

"Umedanganywa na mtu?"

"Mara ya kwanza sikujua. Niliokota kiprogramu cha bure mtandaoni, cha kufanya picha za ng'ombe zipite zenyewe. Kumbe kilikuwa na sumu. Wewe ukakitoa, nikajua ndicho."

"Na mara ya pili?"

"Nikakirudisha."

"Ukijua?"

"Nikijua."

"Na leo?"

"Leo asubuhi, mlipokuwa njiani."

"Minza! Wateja wa baba yako wanamwita tapeli! Kaka yako huko nje ananyang'anywa ng'ombe! Mimi silali, sifanyi kazi nyingine, sili, kwa ajili yako, na wewe kila nikisafisha unanimwagia takataka mgongoni? Kwa nini?"

Nilipaza sauti, nakiri. Yeye hakupaza.

"Kwa sababu baba alisema likitoka tu, unanioa."

"Sasa si ndicho tunachotaka?"

"Tunachotaka, wewe na nani?"

"Mimi na wewe."

"Uliniuliza lini, Nestory?"

Nikafungua mdomo nimtajie siku. Nikakumbuka alivyokuwa akija kibandani kwangu kuchapisha picha, akikaa hata baada ya kazi kwisha, tukicheka. Nikakumbuka nilivyomtengenezea simu. Nikaitafuta ile siku niliyomuuliza, nikaitafuta kweli, sikuiona.

"Nilidhani umejua," nikasema.

"Nilijua unanipenda. Lakini ulimwambia baba kabla yangu. Halafu mkakaa wewe na yeye, mkaipa tovuti kazi ya kujibu kwa niaba yangu. Ikiwa safi, Minza amekubali. Ikiwa chafu, Minza asubiri. Mimi nikaona basi, kama yenyewe ndiyo mdomo wangu, nitaongea kupitia humo humo."

Hasira ilinishika nikakosa pa kuielekeza. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mzee, nikajikasirikia mimi. Nilitaka kumuuliza muda ule ule kama ananitaka, lakini Enock alikuwa anapiga kelele uani na shangazi akaniita kwa jina.

"Njoo, fundi! Unatakiwa!"

Nikarudi barazani. Mzee amesimama, Enock amepiga magoti mbele yake, mwanaume mzima na ndevu zake.

"Muulize fundi, baba," Enock alikuwa anasema. "Muulize huyo!"

Mzee akanigeukia. "Wewe ndiye uliyefunga milango. Nijibu swali moja, sitaki mengine. Tangu siku ile ya mbuzi, ufunguo wa Enock ulikuwa unafungua au haufungui?"

Baba mdogo akanifinya mguu. Huna mdomo leo. Nikatazama chini. Nikiwa kimya, Enock anapoteza ng'ombe na jina, na mimi narudi nyumbani na mchumba, mwezi ukipita. Nikijibu, hata mtoto wa shule atajua funguo gani zimebaki.

"Fundi!"

"Haukuwa unafungua, baba," nikasema. "Niliufuta siku ile ile."

Nikaona wanavyohesabu, mmoja baada ya mwingine. Shangazi Debora alimaliza kwanza, akaweka kiganja mdomoni. Mzee alichelewa, au hakutaka kufika.

Hata hakupata nafasi ya kufika. Minza alikuwa ameshatoka ghalani. Akapita katikati ya watu, hakwenda kwa baba yake. Alikwenda kupiga magoti mbele ya baba mdogo Felisian, mgeni, ambaye katika mji ule hakuna anayeweza kumkatisha.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, binti yangu," akajibu baba mdogo, ametoa macho.

"Enock hana kosa. Nimeharibu mimi. Nitamwomba baba msamaha, na nitawapigia wateja wote mwenyewe, mmoja mmoja, niwaambie kwamba kwetu si matapeli."

Mzee Masalu alikaa kwenye kiti bila kuangalia kama kiti kipo. Sijawahi kumwona mtu akizeeka upesi kiasi kile. Yeye aliyeunyang'anya ukoo mzima maneno, kumbe mlango ulikuwa ndani ya nyumba yake.

Baba mdogo ni mtu wa shamba, mambo ya tovuti yalimpita juu, lakini si mjinga. Akainama kidogo.

"Binti, niambie kweli. Kwani huyu kijana wetu humtaki?"

Hapo ndipo Minza aliponitazama, mara ya kwanza siku ile mbele za watu.

"Hilo aniulize mwenyewe," akasema. "Sasa hivi, hapa, mbele yenu. Nami nitamjibu, na jibu langu liwe lolote, nitalisema kwa sauti."

Mama yangu akaacha kupepea. Mkono wa baba mdogo ukanikamata kiwiko, ukabana.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Nyamaza, Nestory. Ukisema hapa, sisi wazee wako hatuna kazi tena."

"Katika mji huu," akasema Mzee Masalu bila kuinua uso, "mposaji hasemi. Akitoa neno, atoke nalo pamoja na posa yake."

Minza hakuondoa macho. Alikuwa bado amepiga magoti pale sakafuni, anasubiri.

Nikautoa mkono wa baba mdogo kwenye kiwiko changu, nikasimama. Na Mzee Masalu naye akasimama.